Nitajuaje kama nimeokoka kweli? Mwongozo kwa Mkristo mwenye mashaka

Bwana Yesu asifiwe.

Maswali ni yale yale. Mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) anasubiri wenzake watoke kwenye ushirika ndipo anasogea na kunong'ona: "Nimeongozwa sala ya toba mara nyingi, lakini bado sina uhakika." Mama wa Chamwino aliyebatizwa mtoto, akapata kipaimara, na mpaka leo anaimba kwaya, anauliza kama hayo yote yana maana, kwa kuwa hana siku anayoweza kuitaja kwamba ndiyo aliokoka. Mzee wa Bahi anayesumbuliwa na kifua anataka kujua jambo moja tu: akifa wiki hii, anakwenda wapi? Nimewajibu wengi ana kwa ana. Sasa nayaandika haya ili na yule anayeona aibu kuuliza apate pa kuanzia.

Naweka wazi mapema ninachoamini. Uhakika wa wokovu hauji kwa kujichunguza moyo mpaka uchoke. Unakuja kwa kumtazama Yesu Kristo na kulishika neno alilolisema. Kujichunguza kuna nafasi yake, na tutafika huko, lakini ukianza nako utazama. Ndiyo maana mpangilio wa hatua hizi ni muhimu. Usiruke.

Mtume Yohana aliandika waraka wake wa kwanza kwa watu wa namna yako. Anasema mwenyewe sababu, sura ya 5 aya ya 13: "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele." Hakusema mbahatishe. Kwa hiyo kutaka kujua si kiburi, wala si ukosefu wa unyenyekevu, kama wengine walivyokuambia.

Vitu vya kuandaa

Biblia unayoielewa. Wengi wetu tumezoea Union Version ya 1952, na aya nitakazonukuu hapa ni za humo. Kama Kiswahili chake kinakupa shida, soma tafsiri ya Habari Njema pembeni. Kama lugha ya moyo wako ni Kigogo na unayo Biblia ya Kigogo, itumie bila kusita.

Daftari na kalamu. Usitumie simu kuandikia; ukishaishika utajikuta kwenye mambo mengine. Zima data kabisa kwa nusu saa hiyo.

Nusu saa kila siku kwa muda wa majuma mawili. Alfajiri ndiyo bora, kabla watoto hawajaamka na kabla hujatoka kwenda shamba au kazini.

Mtu mmoja mkomavu wa imani utakayezungumza naye. Anaweza kuwa mchungaji, mwinjilisti, mzee wa kanisa, au mama mmoja mnayesali naye. Sifa mbili tu: anamjua Kristo, na anajua kutunza siri. Ukikosa mwenye sifa ya pili, endelea kutafuta.

Hatua ya 1: Andika hofu yako kwa sentensi moja

Usiandike "nina mashaka". Andika kile hasa kinachokukosesha usingizi. "Naogopa niliisali ile sala bila kumaanisha." "Naogopa kwa sababu nilitoa mimba." "Naogopa kwa sababu siku hizi nikiomba silii kama zamani." "Naogopa kufa." Ukishaandika, angalia hofu yako iko kundi gani kati ya haya.

La kwanza, umekuwa mtu wa kanisa miaka yote, lakini hujawahi kumtegemea Kristo mwenyewe. Unajua nyimbo, unajua liturgia, unatoa zaka, ila ukiulizwa Yesu ni nani kwako huna cha kusema. Kwako hatua ya 2 na ya 3 ndizo kubwa.

La pili, umemwamini Kristo, lakini kuna dhambi umeikalia na hutaki kuiachia. Hapo mashaka yako yanaweza kuwa rehema. Mungu hakubali ulale raha juu ya kitu kinachokuua. Soma zote, lakini usiikimbie hatua ya 6.

La tatu, unamwamini, unaungama, unajitahidi, na bado moyo hautulii. Hawa ni wengi kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi ndio walio wapole na waaminifu kanisani. Kwako dawa iko hatua ya 4, na pengine sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Kosa la kawaida: mtu wa kundi la tatu kujitibu kwa dawa ya kundi la pili. Anatafuta dhambi iliyofichika ambayo haipo. Anafunga, anakesha, anaungama hata ndoto alizoota, na kila akimaliza hofu imeongezeka. Kama umeshauungama ukweli unaoujua, acha kuchimba.

Hatua ya 2: Maliza sentensi hii

Andika: "Mungu atanipokea kwa sababu..." Umalizie kwa uaminifu, si kwa jibu la darasa la kipaimara.

Sasa soma ulichoandika. Je, sababu uliyotoa ni kitu ulichofanya wewe, au ni kitu alichofanya Yesu? "Kwa sababu nasali", "kwa sababu sijawahi kumdhulumu mtu", "kwa sababu nimeacha pombe", hata "kwa sababu niliinua mkono kwenye mkutano", yote hayo yanakuhusu wewe. Kama wokovu umesimama juu ya hayo, basi ni haki kabisa usiwe na uhakika, maana hakuna ajuaye kama amefanya ya kutosha.

Injili inasema jambo jingine. Paulo anaifupisha kwa Wakorintho (1 Wakorintho 15:3-4): Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na hilo halikutokana na nafsi zetu, "ni kipawa cha Mungu; wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Pale msalabani Bwana alisema "Imekwisha." Hakubakiza sehemu ya kumaliziwa na wewe.

Iandike sentensi yako upya. Kaa nayo siku mbili au tatu kabla ya kuendelea. Usione aibu ukihitaji muda. Hapa ndipo watu waliolelewa kanisani tangu utoto hukwama zaidi, kwa sababu wanadhani wanapajua.

Hatua ya 3: Mwendee Kristo leo, kwa maneno yako

Huna haja ya kujua kwanza kama ile sala ya mwaka fulani ilikuwa ya kweli. Huwezi kurudi nyuma kuipima, na Mungu hakukutaka uipime. Kama ulimwendea zamani, leo unamwendea tena yule yule. Kama hukumwendea, leo ndiyo siku. Kwa vyovyote vile, kinachotakiwa ni kimoja.

Piga magoti, au kaa, au tembea shambani, na umwambie. Mtoza ushuru katika Luka 18:13 alisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," na Yesu akasema alishuka nyumbani amehesabiwa haki. Yule mhalifu msalabani aliomba akumbukwe tu, akajibiwa, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Hakuna hata mmoja wao aliyeongozwa sala ndefu, na nguvu ya kuokoa haikuwa katika maneno yao.

Mwambie Yesu kwamba wewe ni mwenye dhambi, kwamba huna tegemeo jingine ila yeye, na kwamba unamtaka awe Bwana wako. Kama imani yako ni dhaifu, mwambie hilo pia. Yule baba katika Marko 9:24 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa.

Kosa la kawaida: kutembea mbele kila mkutano wa injili. Mahubiri yakiwa makali, mikono ikiinuliwa, unakwenda tena. Unarudi nyumbani na amani ya siku mbili, kisha unangojea mkutano mwingine. Ukifanya hivyo unajifundisha kuitegemea ile safari ya kwenda mbele. Mashaka yakirudi, usianze wokovu upya. Nenda hatua ya 4.

Kosa jingine: kudhani lazima uwe na tarehe. Wapo wenye tarehe, tumshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini Timotheo alizijua Maandiko tangu utoto, kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Paulo hamuulizi aliokoka saa ngapi. Ewe mama wa kwaya, swali si lini ulianza kumwamini. Je, leo unamwamini?

Hatua ya 4: Chagua ahadi tatu na uzishike

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu wanayoifanya harakaharaka.

Fungua daftari ukurasa mpya. Andika kwa mkono wako aya tatu. Mimi nashauri hizi:

Yohana 6:37: "yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe."

Yohana 10:28: "Nami nawapa uzima wa milele, wala hawatapotea kamwe, wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu."

Warumi 8:1: "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu."

Kila alfajiri zisome kwa sauti, polepole. Kisha jiulize maswali matatu, ujibu kwa kuandika. Nani anasema? Ameahidi nini? Ameweka sharti gani? Chukua ile ya kwanza. Anayesema ni Yesu, asiyeweza kusema uongo. Ameahidi kutokumtupa mtu nje kamwe. Sharti ni kuja kwake. Hakusema yeyote ajaye akiwa na imani kubwa, wala yeyote ajaye akilia machozi, wala ajaye mara ya kwanza tu. Sasa, wewe umekuja? Basi neno lake linakuhusu.

Hofu ikikujia saa nane usiku, usibishane nayo kwa mawazo. Washa taa, usome aya hizo kwa sauti. Kama umeme umekatika, ziseme kwa kichwa. Ndiyo maana nataka uzikariri. Hofu inajua kubishana kuliko wewe, lakini haina jibu kwa neno la Kristo.

Martin Luther, kabla ya kujulikana popote, alikuwa mtawa kijana Ujerumani aliyeteswa na jambo hili hili. Alikuwa akikaa kwenye kitubio saa nyingi, akitoka anakumbuka dhambi nyingine na kurudi. Mlezi wake wa kiroho, Johann von Staupitz, alimwelekeza ayatazame majeraha ya Kristo, aache kuhangaika na kujipima. Ulikuwa ushauri mfupi, na Luther aliukumbuka kwa shukrani mpaka uzeeni.

Hatua ya 5: Soma Waraka wa Kwanza wa Yohana ukiwa na kalamu

Una sura 5 na aya 105 tu. Unaweza kuumaliza kwa kikao kimoja, lakini chukua sura moja kwa siku, kisha rudia juma la pili.

Chora safu tatu. Ya kwanza, andika kila mahali Yohana anapozungumzia kumwamini Yesu kuwa ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Ya pili, kila anapozungumzia kuzishika amri. Ya tatu, kila anapozungumzia kuwapenda ndugu. Utaona anazunguka katika hayo matatu tangu mwanzo hadi mwisho. Ndizo alama anazozitoa za mtu aliyezaliwa na Mungu. Sura ya 3 aya ya 14 inasema tunajua tumepita kutoka mautini kuingia uzimani kwa maana twawapenda ndugu.

Lakini kabla hujajipima kwa safu hizo, soma 1:8 hadi 2:2, na uisome kila siku ya zoezi hili. Pale anasema tukidai hatuna dhambi twajidanganya. Na kama mtu akitenda dhambi, tunaye Mwombezi kwa Baba, Yesu Kristo mwenye haki. Yohana hatafuti watu wasioanguka. Anatafuta uhai.

Na uhai unaonekana kwa msimu. Bwana mwenyewe alitumia mfano wa mzabibu katika Yohana 15, na kwetu mfano huo hauhitaji maelezo mengi. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi akishapogoa, mzabibu unaonekana umekufa. Mgeni angeling'oa shamba zima. Mkulima hafukui mizizi kila asubuhi kuangalia kama inaishi. Anamwagilia, anasubiri, na anajua atazame wapi chipukizi litakapotokea. Nawe usijikague kila siku. Jiulize hivi: ukilinganisha na miaka iliyopita, je, kuna dhambi uliyoipenda ambayo sasa inakuumiza? Kuna mtu uliyemchukia ambaye sasa unamwombea, hata kwa shida? Unapokosa ibada, unahisi umepungukiwa? Hata chipukizi moja si lako, ni la yule aliye mzizi.

Tahadhari: safu hizi si ngazi ya kupandia mbinguni. Ukiona upungufu, rudi hatua ya 3 na ya 4. Ukiona matunda, shukuru, kisha urudi huko huko.

Hatua ya 6: Toa nje ulichoficha

Kama hofu yako iko kundi la pili, hapa ndipo penyewe. "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote" (1 Yohana 1:9). Ungama kwa Mungu ukiitaja dhambi kwa jina lake. Usiseme "makosa ya kibinadamu". Sema uzinzi, sema wizi wa fedha ya kikundi, sema niliisogeza mipaka ya shamba la marehemu kaka nikawanyima watoto wake.

Kisha tengeneza kinachotengenezeka. Zakayo alirudisha mara nne. Fedha ya watu irudishe, hata kidogo kidogo kwa simu kila mwezi. Mtoto uliyemkana, mtambue na umtunze. Kama nyumbani umeficha hirizi au dawa ya mganga "kwa tahadhari tu", itoe, uichome, na umwombe mchungaji asali nawe kama unaogopa. Huwezi kuwa na uhakika katika Kristo huku umeweka tegemeo la akiba chini ya godoro.

Fahamu mpangilio: Zakayo alirudisha mali baada ya Yesu kuingia nyumbani kwake. Hakununua mgeni huyo kwa mali.

Sasa tahadhari ninayoitilia mkazo. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini huko Rwanda miaka ya 1930 ukaenea mpaka kwetu katikati ya nchi, ulitufundisha kutembea nuruni na kuungama waziwazi. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu Uganda, alikuwa mmoja wa ndugu hao na aliwahi kufundisha shule hapa Dodoma. Urithi huo ni wa thamani, nami naushukuru. Lakini kuungama mbele ya kusanyiko zima jambo linalomhusu mtu mwingine kunaweza kumvunja asiye na hatia. Kama ulizini, mwenzi wako asisikie habari hiyo kwa mara ya kwanza kwenye kipaza sauti. Kama umedhulumiwa kingono, hiyo si dhambi yako ya kuungama hata kidogo. Huo ni uhalifu uliofanyiwa, na unastahili msaada na haki. Ungama kwa Mungu, kwa uliyemkosea, na kwa yule mtu mmoja uliyemchagua. Zaidi ya hapo omba ushauri kwanza.

Hatua ya 7: Usibaki peke yako

Mwambie yule mtu wako ulichopitia majuma haya mawili. Msomee zile aya tatu, na umwombe akusomee yeye siku utakapochoka. Neno la Mungu kinywani mwa ndugu lina nguvu ambayo mara nyingi halina ukijisomea peke yako chumbani.

Kama hujabatizwa, zungumza na mchungaji kuhusu ubatizo. Kama umebatizwa, usiudharau. Siku ya Meza ya Bwana usijitenge kwa sababu unajiona hufai. Jihoji, ungama, kisha ule na kunywa. Pale Kristo anakuwekea mkononi kile alichokuahidi kwa maneno.

Halafu tumika. Fagia kanisa, tembelea wagonjwa, fundisha Shule ya Jumapili. Mtu anayejitazama tu huendelea kuogopa.

Ukikwama

"Nimefanya yote, sihisi chochote." Ahadi haikusema utahisi. Zaburi ya 88 inaanza kwa "Ee Bwana, Mungu wa wokovu wangu" na inamalizika gizani, bila mstari hata mmoja wa furaha, na bado ni sala ya mwamini. Roho hushuhudia pamoja na roho zetu (Warumi 8:16), lakini hapangiwi saa. Endelea na hatua ya 4.

"Moyo wangu unanihukumu." Yohana analo jibu, 1 Yohana 3:20: "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote." Moyo wako si hakimu wa mwisho.

"Nimerudia dhambi ile ile." Inuka leo, usingoje Jumapili. Ungama, kisha weka uzio wa kweli: futa namba, badili njia ya kurudi nyumbani, mwambie mtu wako akuulize kila wiki. Petro alimkana Bwana mara tatu usiku mmoja, na Yesu alikuwa ameshamwombea kabla hajaanguka (Luka 22:32).

"Nadhani nimemkufuru Roho Mtakatifu." Soma Marko 3:22-30. Waandishi, yaani walimu wa sheria, waliona kazi ya Mungu kwa macho yao, wakaiita ya pepo, kwa ukaidi, bila hamu yoyote ya kusamehewa. Wewe unalia ukimtaka Kristo. Huwezi kutafuta msamaha huku Roho amekuacha. Hamu hiyo ni kazi yake.

"Sineni kwa lugha, naambiwa sijaokoka." Paulo anauliza, "Je! wote wanena kwa lugha?" (1 Wakorintho 12:30), na jibu analotazamia ni hapana. Karama si cheti cha wokovu.

"Naambiwa nitoe sadaka maalumu ili jina langu liandikwe," au ninunue mafuta, au maji. Ondoka hapo. Petro alimwambia Simoni, yule aliyekuwa mchawi, katika Matendo 8:20 kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye, kwa kudhani karama ya Mungu yapatikana kwa mali. Toa sadaka kanisani kwako kwa shukrani. Kwa hofu usitoe hata shilingi.

"Mmoja anasema wokovu unapotea, mwingine anasema haupotei." Ni kweli makanisa hayafundishi sawa. Kanisa Katoliki hufundisha tumaini thabiti katika rehema ya Mungu bila mtu kujitangazia kwamba lazima atadumu hadi mwisho. Wanaofuata mafundisho ya Calvin husema aliyezaliwa kweli mara ya pili Mungu humlinda hadi mwisho. Wamethodisti na Wapentekoste wengi husema mtu anaweza kuiacha imani akapotea. Lizungumze na mchungaji wako kwa utulivu. Lakini usisubiri mjadala huo uishe ndipo upumzike kwa Kristo, maana hakuna hata mmoja kati yao anayesema kwamba anayemwendea Yesu leo atatupwa nje.

"Mvua imekatika, mtama umekauka, mtoto ameugua. Mungu amenikataa?" Babu zetu wa Ugogo walipita njaa ya Mtunya, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, na waliokufa hawakuwa waovu kuliko waliobaki. Paulo alipoorodhesha mambo yasiyoweza kututenga na upendo wa Kristo (Warumi 8:35) alitaja dhiki, alitaja shida, na njaa aliitaja kwa jina. Asingeitaja kama waamini hawaioni. Mlilie Mungu kwa uchungu wako wote, na mwambie jirani kama nyumbani hamna chakula. Kanisa lijue.

"Silali, sili, naungama jambo lile lile mara nyingi kwa saa moja, nasikia sauti zinanihukumu, nafikiria kujiua." Ndugu yangu, hapa usiongeze mfungo. Mwambie mtu leo hii, asikuache peke yako, na mwende hospitali. Hapa Dodoma tunayo Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na watu wetu huitamka kwa kejeli ambayo imewafanya wengi waugue kimya. Kwenda huko si kukosa imani. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria; alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Maneno ya kumwelekeza yalikuja baadaye. Tumia dawa ukiandikiwa, na zile aya tatu ziendelee kuwa kando ya kitanda. Mchungaji anayekuambia uache dawa ili uonyeshe imani, usimtii.

"Namuuguza mzazi anayeogopa kufa." Usimhoji kama ameokoka lini, wala usimkumbushe makosa yake. Kaa karibu, mshike mkono, umsomee mafungu mafupi kwa lugha aliyoisema utotoni: Zaburi ya 23, Yohana 14:1-3, maneno ya Yesu kwa yule mhalifu msalabani. Akiwa na jambo la kuungama, mpe nafasi na uwatoe wageni nje. Mwite mchungaji alete Meza ya Bwana nyumbani au wodini mapema, akiwa bado ana nguvu ya kumeza na kuitikia. Mwombe kwa maneno machache, ukitaja jina la Yesu mara nyingi kuliko la ugonjwa. Na kesho akikuuliza tena swali lile lile, msomee tena.